Michirizi kwenye matiti ya binti: mzazi, sikiliza kabla ya kushuku

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo mabinti wengi hulificha, na akina mama wengi huligundua kwa bahati tu. Ni michirizi inayojitokeza ghafla kwenye ngozi ya matiti.

Binti amekwenda shule ya bweni mwezi Januari akiwa na ngozi laini. Anarudi likizo ya Juni, na siku moja akibadili nguo mama anaona mistari ya rangi ya zambarau inayotoka pembeni mwa titi kuelekea chuchu. Moyo unamlipuka. Swali la kwanza linalomtoka, kabla hajatafakari, ni hili: "Wewe mtoto, una mimba?" Naye binti, ambaye aliiona mistari hiyo wiki nyingi zilizopita na akaogopa kumwambia mtu, anabaki kimya. Ukimya wake unachukuliwa kuwa ni kukiri. Amani ya nyumba inavurugika kwa sababu ya jambo ambalo, kwa walio wengi, ni sehemu ya kawaida ya kukua.

Tungependa kila mzazi na kila binti afahamu michirizi hii ni nini, kwa nini haiwezi kuwa kipimo cha tabia ya msichana, na ni wakati gani inahitaji kuonwa na daktari. Tutaeleza pia hatari moja kubwa ambayo haitokani na michirizi yenyewe. Inatokana na yale yanayofanywa kwa siri ili kuiondoa.

MICHIRIZI NI NINI?

Ngozi ya binadamu ina matabaka. Tabaka la juu ndilo tunaloliona na kulipaka mafuta. Chini yake kuna tabaka nene zaidi, lililofumwa kwa nyuzi nyembamba sana. Nyuzi za aina moja, ziitwazo kolajeni, huipa ngozi uimara. Nyuzi za aina nyingine, ziitwazo elastini, huiwezesha kuvutika na kurudi, kama ulastiki wa kiunoni mwa sketi.

Sehemu ya mwili inapotanuka haraka kuliko ngozi inavyoweza kuifuata, nyuzi hizo za ndani huachana na kukatika hapa na pale. Tabaka la juu halipasuki, kwa hiyo hakuna kidonda wala damu. Lakini ndani hubaki kovu jembamba, nalo huonekana kwa nje kama mstari. Ni kama gauni lililombana mtu: mshono haujaachia, lakini ukiinua kitambaa kwenye mwanga unaona mahali nyuzi zilipoachana.

Michirizi mipya huwa na rangi iliyokolea. Kwa mwenye ngozi nyeupe huwa myekundu. Kwa mwenye ngozi nyeusi huwa ya kahawia, ya zambarau, au nyeusi kuliko ngozi inayoizunguka. Inaweza kuvimba kidogo na kuwasha. Baada ya miezi kadhaa, kwa wengine mwaka au zaidi, rangi hupungua. Mistari huwa ya kijivu au myeupe, na ukiigusa huhisi kama mikunjo midogo iliyobonyea. Haifutiki kabisa, ila hufifia kiasi kwamba wengi huisahau.

Kwa wasichana hutokea zaidi kwenye matiti, nyonga, mapaja na makalio. Wavulana nao hawakuachwa. Kijana anayerefuka haraka huweza kupata mistari iliyolala mgongoni, hasa sehemu ya chini, au mapajani. Tofauti ni kwamba kijana wa kiume haulizwi maswali.

KWA NINI INATOKEA GHAFLA?

Matiti ya msichana kwa kawaida huanza kuchomoza akiwa na umri wa kati ya miaka 8 na 13. Hedhi ya kwanza mara nyingi hufuata baada ya miaka 2 au 3. Ukuaji huendelea hadi miaka 17 au 18 hivi. Lakini mwili haukui kwa mwendo mmoja. Kuna miezi ya kutulia, na kuna miezi ya kukua kwa kasi, ambapo sidiria iliyomtosha binti mwanzoni mwa muhula inambana kabla muhula haujaisha.

Katika miezi hiyo ya kasi, homoni za kike, hasa ile iitwayo estrojeni, huamuru tezi za maziwa na mafuta ndani ya titi kuongezeka. Titi likijaa ndani ya muda mfupi, ngozi yake huvutwa kwa nguvu. Hapo michirizi huonekana kana kwamba imeletwa na usiku mmoja, ingawa mvutano ulikuwapo kwa wiki nyingi.

Yako mambo mengine yanayochangia. La kwanza ni urithi. Kama mama au bibi alipata michirizi, binti naye huelekea kuipata. La pili ni uzito kuongezeka haraka, au kupungua na kuongezeka tena. La tatu ni homoni iitwayo kotisoli, inayotolewa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kila mtu anayo na kila mtu anaihitaji. Lakini ikizidi mwilini, hudhoofisha utengenezaji wa zile nyuzi za kolajeni, na ngozi hukosa nguvu ya kuhimili mvutano. Tukumbuke neno hili kotisoli, maana tutalirudia.

Tuongeze kwamba titi moja kutangulia kukua kuliko jingine ni jambo la kawaida. Kwa hiyo michirizi nayo inaweza kuanza upande mmoja. Wanawake wengi wazima hawana matiti yaliyolingana sawasawa, wala hilo si kasoro.

JE, NI DALILI YA MIMBA?

Ni kweli kwamba wajawazito wengi, zaidi ya nusu, hupata michirizi tumboni, na wengine kwenye matiti pia. Mara nyingi huja katika miezi ya mwisho ya ujauzito, wakati tumbo lenyewe limekwisha kuonekana. Hata hivyo, mjamzito wa miezi saba na binti wa miaka 14 asiyejua mwanamume wanaweza kuwa na michirizi inayofanana kabisa, kwa sababu chanzo ni kile kile: ngozi imevutwa. Mistari haina uwezo wa kusimulia nani ameivuta.

Kama hedhi imekosekana na kuna wasiwasi wa kweli, kipimo cha mimba ni cha mkojo au cha damu, nacho hupatikana katika zahanati. Michirizi haimo katika vipimo vya mimba.

Wako pia wanaosema kwamba michirizi huja kwa sababu msichana ameshikwashikwa na wavulana. Maneno haya yamewaliza mabinti wengi, nayo si kweli. Nyuzi za ndani ya ngozi hukatika kwa kuvutwa kutoka ndani, na kuguswa kwa mkono hakusababishi michirizi. Humpata msichana mwenye nidhamu na asiye na nidhamu sawasawa. Humpata anayelala bweni na anayelala kwa mama yake.

Lakini wazazi tuzingatie jambo moja zito. Wako mabinti ambao kweli wameguswa na mtu bila hiari yao: ndugu, jirani, hata mtu anayeheshimiwa. Binti kama huyo ana neno zito moyoni, na atalitoa kwa mzazi aliyezoea kumsikiliza. Akianza kwa kushitakiwa, atalifunga neno hilo miaka mingi. Kumshuku binti kwa ajili ya mistari ya ngozi kunaweza kuufunga mlango ambao siku moja angehitaji kuupitia.

HATARI YA KWELI: MKOROGO NA VIDONGE VYA KUNENEPA

Binti aliyeaibishwa hutafuta dawa ya siri. Rafiki anamletea kopo la mafuta yaliyochanganywa dukani, au tyubu aliyoinunua sokoni bila cheti cha daktari. Anaambiwa, "Paka hii asubuhi na jioni, mistari itaondoka." Hapa ndipo jambo dogo linapogeuka kuwa kubwa.

Mafuta mengi ya kujichubua yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo hufanya kazi mwilini kama ile kotisoli tuliyoitaja. Soma maandishi ya kwenye kopo au tyubu. Ukikuta neno clobetasol au betamethasone, fahamu kwamba hiyo ni dawa ya hospitali. Ni dawa nzuri kwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, ikitumiwa kwa kipimo, kwa muda mfupi, na kwa maelekezo. Ikipakwa kila siku kwa wiki na miezi, hufanya ngozi iwe nyembamba na dhaifu, nayo yenyewe huleta michirizi mipya, mipana kuliko ile ya kwanza. Athari hii huja upesi zaidi mahali penye ngozi laini au penye kukunjana, kama chini ya matiti, kwapani na mapajani. Basi binti anapaka kitu kinachozaa kile kile anachotaka kukiondoa, na kadiri kinavyozidi ndivyo anavyozidi kupaka.

Makopo mengine yana zebaki, sumu inayopenya ngozini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi ya kudumu. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi viwili, lakini makopo bado hupenya madukani. Kwa Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS.

Kuna pia vidonge vinavyouzwa kwa wasichana wanaotaka kunenepa na kujaza sura. Baadhi ya vidonge hivyo ni deksamethasoni, nayo ni steroidi. Mtu huona amenawiri, kumbe ni maji na mafuta yanayojikusanya usoni na tumboni, huku misuli ikidhoofika. Michirizi hufuata, na nyuma yake huweza kufuata kisukari, shinikizo la damu, mifupa dhaifu na maambukizo yasiyopona upesi.

Tunaomba msomaji azingatie sana maneno yafuatayo. Mtu aliyetumia vidonge vya steroidi kwa wiki kadhaa asiviache ghafla. Zile tezi za juu ya figo huwa zimelala, na mwili ukikosa homoni hiyo kwa ghafla mtu anaweza kuishiwa nguvu, kuzimia, hata kufa. Aende hospitali na pakiti mkononi, aseme ukweli, naye daktari atampunguzia dozi polepole. Aliyepaka mafuta makali mwilini kwa muda mrefu afanye vivyo hivyo. Pia mgonjwa wa pumu, wa figo au wa maradhi mengine aliyeandikiwa prednisoloni na daktari asiiache kwa sababu ameona michirizi. Dawa hiyo inalinda uhai wake. Amweleze daktari wake, wapange pamoja.

WAKATI GANI WA KWENDA HOSPITALI?

Binti mwenye michirizi tu, anayekua vizuri na asiye na dalili nyingine, hana haja ya matibabu. Lakini aonwe na daktari kama kuna mojawapo ya haya:

1. Titi limekua kupita kiasi ndani ya wiki chache, au kuna uvimbe unaoshikika. Kwa wasichana, uvimbe ulio wa kawaida zaidi ni ule usio saratani, unaoteleza chini ya vidole kama goroli. Mara chache huweza kukua haraka hadi kuvuta ngozi na kuleta michirizi. Saratani ya matiti katika umri huu ni nadra sana, hata hivyo uvimbe wowote uangaliwe na mtaalamu.

2. Ngozi ya titi ni nyekundu, ya moto na yenye maumivu, pamoja na homa. Au imekuwa kama ganda la chungwa, au chuchu imeingia ndani wakati zamani ilikuwa nje, au inatoa majimaji yenye damu.

3. Michirizi ni mipana, inazidi sentimita moja, na ina rangi ya zambarau iliyokolea, tena binti ana uso uliojaa na kuwa mviringo, mafuta yaliyotuna nyuma ya shingo, mikono na miguu myembamba, anavilia damu kirahisi, na anashindwa kuinuka kutoka kwenye kigoda bila kujishika. Hizi ni dalili za kotisoli kuzidi mwilini, hali iliyoelezwa na daktari wa upasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, mwaka 1932. Mara nyingi inatokana na dawa za steroidi, na mara chache na uvimbe ndani ya tezi. Inatibika.

4. Kijana ni mrefu na mwembamba kuliko ndugu zake, ana mikono na vidole virefu isivyo kawaida, na michirizi imetokea mgongoni au mabegani ingawa hakunenepa. Huenda ana hali ya kurithi iliyoelezwa na daktari Mfaransa Antoine Marfan mwaka 1896. Hali hii hudhoofisha nyuzi za mwili mzima, pamoja na mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kwa hiyo moyo na macho yake yapimwe.

JE, KUNA DAWA YA KUIONDOA?

Tuseme ukweli ili tuokoe fedha za watu: hakuna mafuta yanayofuta michirizi. Hata siagi ya kakao, inayosifiwa sana, ilijaribiwa kwa wajawazito katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2008 huko Lebanoni na mwaka 2010 huko Jamaika. Waliopaka mafuta yenye kakao na waliopaka yasiyo na kakao hawakutofautiana katika kupata michirizi. Mafuta ya nazi au mafuta mengine ya kawaida yana faida yake: hulainisha ngozi kavu na kupunguza kuwasha. Yatumike kwa ajili hiyo, na mtu asitarajie zaidi.

Dawa ya kupaka iitwayo tretinoini huweza kusaidia kidogo michirizi ikiwa bado mipya. Hutolewa kwa agizo la daktari, na haimfai mjamzito wala anayenyonyesha. Mionzi ya leza nayo hufifisha rangi, lakini gharama yake ni kubwa, na kwa ngozi nyeusi inaweza kuacha madoa. Kwa familia nyingi dawa iliyo bora ni muda.

Binti asijisugue kwa jiwe, wala asipake ndimu au magadi. Hayo huunguza ngozi ya juu, wakati kovu liko chini. Asifunge kifua kwa kanga ili kuyakandamiza matiti. Atafutiwe sidiria inayomtosha, isiyoacha alama begani wala chini ya titi, na ibadilishwe kadiri anavyokua. Hata ya mtumba, ikiwa safi na imara, inatosha. Ale chakula cha kujenga mwili: maharage, dagaa, mayai, mboga za majani na matunda. Asijinyime chakula ili matiti yasikue, maana atakosa nguvu za masomo na mwili utamdai baadaye.

NENO KWA WAZAZI

Mazungumzo haya yaanze kabla ya michirizi. Binti wa miaka 9 au 10 anaweza kuambiwa na mama, shangazi au bibi kwamba matiti yatachomoza, yataumauma, huenda moja litatangulia, na huenda ngozi itaonyesha mistari. Aliyeambiwa mapema hashituki, na hatafuti ushauri kwa muuza mafuta.

Kama michirizi imekwisha kutokea, mama aanze kwa upole: "Mwanangu, nimeona ngozi yako inavutika. Ndivyo tunavyokua. Je, inakuwasha? Kuna uvimbe wowote unaoushika? Kuna kitu chochote umepaka au kumeza?" Maswali hayo matatu yanamfaa daktari kuliko mashitaka yote. Na mama ambaye mwenyewe ana michirizi ya zamani amwonyeshe binti yake. Hakuna somo litakalomtuliza upesi kama kuona kwamba mama aliyapitia, akaolewa, akanyonyesha, na mistari imebaki kama nyuzi nyeupe tu.

Akina baba nao wana sehemu yao. Wasikubali utani juu ya mwili wa binti mezani, wala kaka zake wasiachiwe kumcheka. Walezi wa mabweni, nanyi mnaoishi na mabinti hawa miezi mingi kuliko wazazi, msiruhusu makopo ya mkorogo kuzunguka vitandani. Binti akija na swali, msikilizeni faraghani.

Nawe binti unayesoma ukurasa huu kwa kujificha, usijifiche. Hujafanya kosa lolote kwa kukua. Mwonyeshe mama yako, au mwanamke mzima unayemwamini, na kopo lile ulilopewa mwonyeshe pia. Kama yamo maneno tuliyoyataja, nendeni nalo pamoja kwenye zahanati.